Ndiyo Yetu na "Yes" Yao

Hotuba kwa mafundi na wahitimu wa TEHAMA, Mwanza. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Mwangaluka! Ndugu mwenyekiti, wazee mliotutangulia katika kazi hii, shikamooni. Kaka zangu na dada zangu wa seva, wa nyaya, wa programu na wa dawati la msaada, habari za asubuhi.

Nilipoombwa nije kuzungumzia Kiingereza cha kazini kwa watu wa TEHAMA, nilisita. Humu ukumbini kila mtu amesoma sekondari kwa Kiingereza, na wengi mna vyeti vya chuo vilivyoandikwa kwa Kiingereza. Nitawaambia nini msichokijua? Kisha nikaukumbuka usiku mmoja wa miaka mingi iliyopita, nikajua la kusema ninalo.

Wakati huo nilikuwa nahudumia mfumo wa kompyuta wa kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, huku huku kando ya ziwa. Jina lake nitalihifadhi. Mfumo ulikuwa wa kupokelea samaki. Gari likifika kutoka mwaloni, wanakoshushia wavuvi, samaki wanapimwa, mzani unatuma kilo kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu, karatasi inachapwa, mwenye samaki anaondoka na nakala yake. Malipo yake ya wiki yanatoka kwenye zile kilo zilizoingia kwenye seva.

Programu ilikuwa imetengenezwa nje. Mhandisi wake alikuwa Mholanzi, na aliingia kwenye seva yetu akiwa kwao. Jioni hiyo alitaka kuweka toleo jipya, na mimi nilikuwa na kazi moja tu: kuchukua bakapu ya hifadhidata, yaani nakala ya akiba ya kumbukumbu zote, ikimalizika nimwambie. Diski ilikuwa nzito. Mstari wa kijani ulikuwa umefika katikati ya kioo na kusimama kama umechoka. Akaniandikia: "Hasn't the backup finished yet?" Nikatazama kioo, nikaona kweli bado. Nikamjibu neno moja: "Yes."

Akaanza kazi.

Ngoja tutazame kilichotokea hapo, kwa sababu mambo yote niliyokuja nayo leo yamo ndani ya neno lile. Ukirudi nyumbani usiku, mama akakuuliza, "Hujala bado?", ukaitika "Eeh", mama anakwenda kuwasha jiko. Amekuelewa sawasawa: eeh, ni kama ulivyosema, sijala. Ndiyo yetu inakubaliana na maneno ya aliyeuliza. Sasa mwulize Mwingereza hivyo hivyo kwa lugha yake, akujibu "Yes". Ana maana amekula. "Yes" yao haijali umeuliza kwa kukanusha au kwa kuyakinisha. Inasema jambo limefanyika. Mimi nilisema bado. Yeye akasoma tayari.

Toleo jipya lilikwama katikati na kuvuruga majedwali. Tulipoikimbilia bakapu, ilikuwa nusu, haifunguki. Ikabidi turudi kwenye ya usiku uliotangulia, na siku nzima ya kilo za watu ikawa imepotea. Jumamosi nilikaa kantini ya kiwanda na boksi la nakala za karatasi za mzani, nyingine zimelowa, zote zinanuka shombo, naziingiza moja moja. Zilikuwa zaidi ya 200. Adhuhuri akaja mzee mmoja, karatasi yake ameikunja ndani ya leso, akasimama mlangoni akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kilo zangu zipo?" Nilizitafuta mbele yake hadi nikaziona. Nilizitafuta nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa kuwa sikuweza kumtazama usoni.

Kiingereza nilikuwa nimefaulu vizuri kidato cha nne. Na katika lile jibu langu hakuna kosa la sarufi. Neno lina herufi tatu, zote sahihi.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma barua pepe na tiketi zetu, yaani taarifa za hitilafu tunazowaandikia wahandisi, zangu na za vijana niliowafundisha kazi, nikitafuta mahali panapoharibika. Nimeona kwamba kinachotugharimu mara nyingi si msamiati uliopungua wala "s" iliyosahaulika mwisho wa kitenzi. Mhandisi wa upande wa pili anavumilia "he go" na "the servers is down", anaelewa, anaendelea na kazi. Kinachotugharimu ni maana ya Kiswahili tuliyoivika neno la Kiingereza. Neno linafika salama, maana inabaki huku.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na mkisahau mengine yote hili naomba mlikumbuke: mtu akikuuliza kwa kukanusha, usimjibu kwa "yes" wala "no". Mjibu kwa sentensi nzima. "The backup is still running. Please do not start." Hapo huhitaji kujua sarufi ya nani inakubaliana na nini.

Tuje kwenye pole. Mtu akijikwaa barabarani hapa Mwanza unamwambia pole, na wala si wewe uliyemwangusha. Pole ni kumwambia mtu kwamba maumivu yake umeyaona. Kiingereza hakina neno hilo, nasi tumechukua "sorry" tukalipa kazi ya pole. Mteja wa nje anaandika kwamba tovuti yake imekuwa chini tangu asubuhi, wewe kwa utu wako unajibu, "Sorry for that." Kwake umekiri. Mkataba wenu una kifungu cha fidia kwa muda wa kukatika huduma, na sasa ana maandishi yako. Utu wako sitaki uuache, ila upe maneno yatakayoubeba: "I understand this is affecting your customers. We are checking the cause now." Hapo umempa pole, na kosa ambalo bado hujui ni la nani hujalibeba. Na likiwa lako kweli, basi sema "sorry" waziwazi na useme ni kwa lipi. Kufichaficha ni kubaya kuliko kosa lenyewe.

Sawa nayo ni hivyo hivyo. Tunasema sawa tukimaanisha nimesikia. "OK" yao inamaanisha nimekubali na nitafanya. "Tutajaribu" yetu, ikitamkwa kwa sauti ya chini, kila mtu hapa anajua maana yake haitawezekana. "We will try" inaandikwa upande wa pili kama ahadi na kuwekewa tarehe. Na lile la kusema "naja" huku unaondoka! Ukimwambia mtu kwenye simu ya video "I'm coming" ukainuka kwenda kuangalia ruta, kile kifaa cha kuunganisha mtandao, yeye anabaki akishangaa unakwenda wapi. Sema "I'll be back in five minutes." Inatosha.

Neno "revert" linahitaji dakika moja. Katika ofisi zetu barua nyingi humalizika kwa "kindly revert", yaani nijibu tafadhali. Tumelipokea kwa wazee wa ofisini na halina ubaya kwa mhasibu mwenzako. Lakini kwa mtu wa programu, "revert" ni amri. Ni kulifuta badiliko na kurudisha msimbo, yaani maandishi ya programu, ulivyokuwa. Katika Git, mfumo wa kutunzia mabadiliko ya programu aliouanzisha Linus Torvalds mwaka 2005, ipo amri yenye jina hilo hilo. Ukimwandikia mwanaprogramu, "I have seen your change, kindly revert", ujue anaweza kulitengua badiliko lake usiku ule ule. Ukitaka jibu, andika "please reply".

Saa. Ndugu zangu, saa zetu ni nzuri na zina akili, zinahesabu tangu jua linapochomoza, na kwa mtu anayeishi karibu na ikweta ambako jua halichezi sana, ni hesabu ya haki kabisa. Ila hazivuki mpaka. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi aliandika kwa wateja kwamba seva itazimwa "at 4 in the night". Yeye alikuwa na saa nne usiku kichwani. Wao wakasoma saa kumi alfajiri, wakapanga kufunga hesabu zao za mwezi saa tano ya usiku ule, wakijua wana muda. Mnaweza kukisia.

Ukiandika kwa mtu wa nje, tumia saa 24 na utaje ni saa za wapi: "22:00 East Africa Time", au ukokotoe kwa UTC, saa ya rejea ya dunia nzima, ambayo iko nyuma yetu saa 3 mwaka mzima. Sisi hatubadilishi saa. Wao wa Ulaya wanabadilisha, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo Mholanzi wangu alikuwa nyuma yangu saa moja miezi fulani na saa mbili miezi mingine, na asiyelijua hilo ataingia kikaoni wenzake wameshatoka. Saa sita kamili usiku iepuke. "Friday midnight" ni usiku wa kuamkia Ijumaa au wa kuamkia Jumamosi? Kiswahili chetu hapo kina ubora, kinasema ni usiku wa kuamkia lini. Kiingereza hakisemi, basi wewe andika 23:59 au 00:01 na siku yake. Tarehe nazo: 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili, kwa Mmarekani ni Machi 4. Andika mwaka kwanza, mwezi, kisha siku, 2025-04-03, kama kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kinavyoelekeza tangu 1988, na hakuna atakayekosea.

Sasa tufike kwenye tiketi, maana hapo ndipo Kiingereza chetu kinapoonekana kila siku.

Tunasema mtandao unasumbua. Printa imegoma. Mfumo umekataa. Kompyuta imeganda. Napenda sana lugha hii, inavipa vyombo vyetu roho, na ukiwa umekaa na fundi mwenzako pale Makoroboi, "unasumbua" inatosha kwa sababu atasimama aende kutazama. Aliye mbali hawezi kusimama akatazama. Ana maneno yako tu. Niliwahi kupokea tiketi hii, naisoma kama ilivyo: "The network is disturbing since morning, kindly assist urgently." Mhandisi wa zamu, mgeni, aliisoma mara mbili akaniuliza, inamsumbua nani? Asubuhi ya saa ngapi? Na ukiangalia, sentensi ile haina jambo hata moja ambalo mtu angeweza kulishughulikia. Kitu pekee kilichoandikwa kwa uhakika ni haraka.

Nikampigia aliyeiandika, dada mmoja makini sana. Nilipomwuliza kwa Kiswahili alinieleza kila kitu kwa mpangilio. Alikuwa amekwisha chunguza vya kutosha. Ujuzi wote alikuwa nao. Haukuingia kwenye tiketi kwa kuwa alidhani tiketi ni barua, na barua ya Kiingereza ina heshima zake za kufungulia na kufungia. Tukaiandika upya pamoja:

"Since 08:10 East Africa Time, no computer on the second floor can open any website. The first floor is working. The lights on the second-floor switch are green. From my computer I can ping the router but I cannot ping 8.8.8.8. I restarted the router once at 08:25. No change."

Tazameni sentensi moja moja. Ya kwanza inasema tangu lini, wapi, na nini hakifanyiki. Ya pili ni fupi na ndiyo yenye thamani kubwa: ghorofa ya kwanza inafanya kazi, maana yake laini ya nje iko hai, usihangaike na kampuni ya intaneti. Ya tatu inaondoa shaka ya umeme. Ya nne ni ya "ping", yaani kubisha hodi kwenye kifaa kingine uone kama kinaitika: inasema njia inafika kwenye ruta na kukatikia hapo, haifiki 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google huko nje. Ya tano inasema nimefanya nini na saa ngapi, ili mwenzangu asirudie, na ili akiona kwenye kumbukumbu za ruta kwamba ilizimika 08:25 asidhani ni hitilafu nyingine. Ya mwisho ni maneno mawili. Hakuna "kindly", hakuna "urgently", hakuna neno ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili halijui. Na imeandikwa kwa heshima kubwa, kwa sababu haimpotezei mtu muda.

Mfano ninaoupenda wa kazi hii ni wa tarehe 9 Septemba 1947, huko Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard. Waendeshaji wa kompyuta ya Mark II waliona mashine inakosea, wakachunguza, wakamkuta nondo, mdudu afananaye na kipepeo, amenaswa ndani ya swichi ya umeme. Wakamchukua nondo mwenyewe wakambandika kwenye daftari la zamu kwa utepe, wakaandika saa, 15:45, wakaandika ni swichi namba 70, paneli F. Daftari hilo limehifadhiwa makumbusho hadi leo, nondo akiwa ndani. Watu husimulia kisa hiki wakidhani ndiko lilikotoka neno "bug", yaani mdudu, tunaloitia kosa la kwenye kompyuta. Neno ni la zamani zaidi, mvumbuzi Edison alilitumia mwaka 1878. Mimi nakipenda kwa sababu nyingine. Wametaja saa, wametaja mahali hasa, na wameambatanisha ushahidi wenyewe, si maelezo ya ushahidi. Ujumbe wa kosa unaotokea kwenye kioo ndiye nondo wako. Usiutafsiri, usiufupishe, usiandike "it says some error". Unakili neno kwa neno, na namba zake, uubandike. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazozungumza Kiswahili, na nilifurahi kama mtoto kuona menyu zinasema "Faili" na "Hariri". Lakini kosa likitokea chini kabisa kwenye seva, bado linazungumza Kiingereza, na ukiligusa hata neno moja, kulitafuta kwenye intaneti hutalipata.

Kuna maneno ambayo ni lazima uyajue kwa mizani yake kamili, kwa sababu yanafanana na hayafanani. Mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipopata hitilafu na intaneti ya nchi nzima ikayumba. Siku zile taarifa zilimiminika kwa Kiingereza, na simu za wateja zikamiminika kwetu. "Outage" ni kukatika, hakuna kitu. "Degraded" ni kwamba huduma ipo ila dhaifu, inapita kama maji ya bomba wakati wa mgao. "Intermittent" ni inakuja na kukata. Kwa mteja wa duka zote tatu ni "hakuna mtandao", na ana haki ya kusema hivyo. Wewe huna haki hiyo. Ukiandika "outage" pale penye "degraded", mtu wa upande wa pili anapima, anaona data zinapita, anafunga tiketi yako. "Workaround" si dawa, ni njia ya kuzungukia wakati dawa inatafutwa. Mwambie mteja hivyo, asije akadhani mmemaliza. Na "deprecated", ambayo vijana wengi wanaisoma kama imeondolewa: bado ipo, bado inafanya kazi, ila usijenge kitu kipya juu yake.

Wanaosoma nyaraka za viwango vya intaneti watakutana na "must", "should" na "may" kwa herufi kubwa. Hizo zina maana iliyowekwa rasmi, kwenye waraka wa RFC 2119 ulioandikwa na Scott Bradner, Machi 1997. "Must" ni lazima, hakuna mjadala. "May" ni hiari yako. Ya katikati ndiyo inayotupiga chenga. "Should" tunaisoma kama ushauri, ukitaka fanya usipotaka acha. Siyo. Maana yake ni fanya, isipokuwa una sababu ya kweli ya kutofanya, na madhara yake umekwisha yapima. Kiswahili "inapasa" kinakaribia.

Kwenye simu, la kwetu la kanda hii ni L na R. Kisukuma hakina R, na Mkurya naye L zake humgeukia. Hilo halina aibu yoyote, ni alama ya ulikonyonya. Lakini seva mbili zinaweza kuitwa "lake" na "rake", na nenosiri halina huruma. Dunia ilishalitatua hili: tangu 1956 marubani hutumia alfabeti moja ya kutajia herufi, L ni Lima, R ni Romeo, B ni Bravo, D ni Delta. Ichapeni, ibandikeni ukutani kando ya simu. Na namba zitajwe tarakimu moja moja, "one five", maana "fifteen" na "fifty" kwenye simu yenye mikwaruzo ni neno lile lile hata kwa Mwingereza.

Sasa niseme lililo moyoni.

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha simu, upande mmoja wahandisi wa nje, upande mwingine sisi watu watano chumba kimoja. Laini ya mteja ilikuwa imekufa. Walijadili mipangilio ya ruta dakika 40. Pembeni yangu alikuwa fundi wa nyaya, mtu mzima, mikono yake imezunguka na faiba karibu kila barabara ya mji huu, Igoma, Buhongwa, Kisesa. Hakusema neno. Mwishoni simu yangu ikatetema. Ameniandikia WhatsApp, naye amekaa hatua moja kutoka kwangu: faiba imekatika karibu na daraja, katapila limechimba asubuhi, nimeiona mwenyewe. Nikafungua kipaza sauti nikasema, "The fibre is cut near the bridge." Maneno saba, na kikao kikaisha.

Nilimwuliza baadaye, kaka, kwa nini hukusema? Akaniambia, "Ningekosea."

Mnajua alikotoa hofu hiyo. Tunasoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza asubuhi moja tu kila kitu kinageuka, na mlangoni kuna kibao kinachokuamuru uzungumze Kiingereza. Wangapi humu walichekwa na darasa zima siku waliponyoosha mkono? Tumefunzwa kwamba Kiingereza ni mtihani, na anayekosea mtihani ni mjinga. Fundi yule si mjinga. Chumba kizima, na nchi mbili zilizokuwa kwenye simu, zilikuwa zinamsubiri yeye bila kujua.

Na hao tunaowaogopa, tuwatazame vizuri. Torvalds lugha ya mama yake ni Kiswidi, alikulia Finland. Agosti 1991 alipotangaza Linux, mfumo wake wa kuendeshea kompyuta, kwa Kiingereza alikuwa mwanafunzi wa Helsinki akiandika kwa lugha ya kujifunza kama wewe. Chukueni lugha za kuandikia programu: Python imetoka kwa Mholanzi, Guido van Rossum. Ruby imetoka kwa Mjapani, Yukihiro Matsumoto, mwaka 1995. Pascal ni ya Mswisi, Niklaus Wirth. Yule mhandisi wangu wa usiku wa bakapu naye aliniuliza kwa lugha ambayo si yake. Kiingereza cha kazi yetu kimejengwa na wageni kwa ajili ya wageni. Ndiyo maana ni kidogo, kikavu, kinarudia maneno yale yale, na kinashikika.

Mtaniambia siku hizi kuna programu za kutafsiri, unaandika Kiswahili inatoa Kiingereza cha profesa. Zitumieni, mimi pia nazitumia. Ila programu haijui ulikuwa unamaanisha nini. Ukiipa "mtandao unasumbua", itakupa sentensi nzuri yenye utupu ule ule. Na ukijibu "ndiyo" kwa swali la kukanusha, itakuandikia "yes" bila kusita, kama nilivyoandika mimi. Kwa hiyo kazi inaanza kwenye Kiswahili: sema kwanza kwa lugha yako, kwa usahihi, umeona nini, wapi, saa ngapi, umefanya nini. Kikishakuwa sahihi huku, Kiingereza chake ni sentensi tano fupi.

Tulifanye hapa hapa, muda ninao. Mezani kwenu kuna karatasi. Mama mwenye duka la dawa kule Nyakato amepiga simu asubuhi hii, anasema mashine ya kutolea risiti imegoma tangu jana. Hajui zaidi ya hapo, na ana wateja mbele yake. Mimi ndiye huyo mama. Mna maswali matatu tu, kwa Kiswahili, kisha kila mmoja ataandika tiketi kwa mhandisi asiyejua Nyakato iko wapi, isizidi sentensi sita.

Haya. Simu iko sikioni. Nani ananiuliza la kwanza?